Tupeane uzoefu: umewahi kukuta mtu anakula mafao kwa jina lako?

Konda Mstaafu
Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kuna dogo tunakaa naye nyumba moja hapa Tabata. Alikuwa kiwandani Barabara ya Nyerere, wakapunguzwa. Masharti ya fao la kukosa ajira katimiza: kachangia zaidi ya miezi 18, umri wa kustaafu bado, barua ya kuachishwa anayo. Hesabu yake ilikuwa ile asilimia 33.3 ya mshahara, miezi sita, imsukume mpaka apate kibarua kingine. Leo kafika dirishani kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii anaambiwa hana sifa kwa sababu yuko kazini. Kazini wapi? Kampuni ya ulinzi, Mwanza. Michango inaingia kila mwezi kwa jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, namba yake ya NIDA tarakimu zote 20. Dogo Mwanza anaijua kwa kuisikia kwenye taarifa ya habari.

Mwizi ni mwizi, simshangai. Kilichoniuma ni kwamba dogo ndiye kaambiwa alete uthibitisho kuwa hafanyi kazi Mwanza. Unathibitishaje kwamba mahali fulani haupo?

Waliopitia haya wamwage hapa, yamkini tukamsaidia.

Njugu Mawe
Umenigusa palepale. Nipo kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, nikifika nyumbani naandika yangu.

Binti Kigogo
Mimi aliyenifanyia ni mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo msinipe pole za juujuu.

Nilimaliza kidato cha nne nikafaulu, mwenzangu akafeli. Cheti changu kilikuwa kwa bibi. Akakiomba "akamwonyeshe mtu", kikarudi baada ya siku chache kikiwa kisafi, hakuna aliyefikiria kitu. Kumbe kaingia nacho chuo, kamaliza, kaajiriwa huko mkoani. Nyumbani anaitwa jina lake, kazini anaitwa mimi. Nami nipo zangu Dar nafundisha.

Mnakumbuka 2017, uhakiki wa vyeti. Wengi wanakumbuka ile orodha ya watumishi 9,932 wa vyeti vya kughushi. Kulikuwa na fungu lingine halikupigiwa kelele sana: vyeti 1,538 vilivyokuwa vinatumiwa na watu 3,076. Mimi nilikuwa humo. Mshahara ukasimama mpaka nithibitishe kwamba mimi ndiye mimi. Mwenye cheti unasimama kwenye korido na bahasha yako, kila anayepita anakutazama kama mwizi wa kuku. Mwalimu mkuu mwenyewe akawa ananisalimia kwa mbali.

Nikathibitisha, nikarudishwa, mwenzangu akaondolewa. Nikajua yameisha. Ikaja Novemba 2022, walioondolewa wakaanza kurudishiwa michango waliyokatwa kwenye mishahara. Akaenda kuchukua. Michango ile ina jina la nani? Langu! Mwaka jana naangalia taarifa zangu za uanachama nakuta nimeandikwa nilishajitoa na kulipwa.

Mama mdogo kanipigia simu: "Mwanangu, yaliyopita si ndwele." Kwake yeye. Ndwele yangu imekaa kwenye kompyuta ya mfuko, na kila nikienda naambiwa niandike barua nyingine.

Mama Sharifa
Pole mdogo wangu. Ndugu ndio wanaojua bahasha inakaa wapi.

Mzee wa Hoja
Tuwe na ubinadamu kidogo. Yule dada alifanya kazi miaka yote hiyo na alikatwa kwenye mshahara wake. Kurudishiwa alichochangia ni haki, na lilikuwa agizo la serikali, hakuiba.

Binti Kigogo
Sikupinga arudishiwe. Nimeuliza kwa nini nimelipwa mimi ambaye sijalipwa.

Kisiki Kikavu
Mzee wa Hoja kila uzi lazima amtetee mkosaji. Ule wa kodi za nyumba alitetea madalali.

Mzee wa Hoja
Na wewe kila uzi unakuja kunitafuta mimi. Kama una shida na mimi njoo Magomeni, mjadala uache uende.

Mtu wa Majohe
Ninyi mnaolalamika mmeibiwa mkiwa hai mshukuru. Mimi niliibiwa nikiwa marehemu.

Nilikuwa Msumbiji muda mrefu, upande wa Montepuez kwenye mawe ya vito. Kabla ya hapo nilichangia mfuko miaka mingi tu nikiwa bandarini. Nilipofikisha 55 nikasema nirudi nistaafu kwa hiari, nichukue changu, nijenge. Nikafika ofisini asubuhi, nikatoa kitambulisho. Binti wa dirishani akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akamwita mwenzake. Wakanong'ona. Kisha akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Shikamoo baba. Wewe ni nani wa marehemu?"

Nikamuuliza marehemu gani. Akanisomea jina langu, la baba na la babu.

Nikaingizwa chumba cha ndani, faili likaletwa. Kuna cheti cha kifo. Kuna muhtasari wa kikao cha ukoo. Kuna fomu ya mahakama ya mwanzo inayomteua mke wangu mpenzi kuwa msimamizi wa mirathi. Nilikufa kwa presha. Nimezikwa makaburi ya Kinondoni, wakati sisi kwetu Songea mtu akifa hata kama hana kitu anasafirishwa. Kikao cha ukoo kina wajumbe saba, na wa kwanza kusaini ni mjomba wangu, ambaye nilimzika kwa mikono yangu kabla ya tarehe ya hicho kikao. Yaani marehemu kasaini kwamba mzima amekufa.

Halafu kuna picha ya mjane. Mama mmoja mnene, kajitanda ushungi, macho makavu. Wallahi sijawahi kumwona.

LUKU imeisha na chaji ni ya mwisho. Nitarudi.

Njugu Mawe
Hapana mzee hapana, hauondoki hapo. Tuma namba ya mita tukununulie umeme.

Kisiki Kikavu
Hii chai. Haina hata tangawizi.

Mama Sharifa
Chai kwako. Mimi nimeona mtu anatangaziwa arobaini yake na yeye yupo Kariakoo anauza mitumba.

Fundi Mbao
Nimeshaweka kiti. Ila huyo mjane nina mashaka naye. Mzee, una uhakika humjui? Bandarini, ujana, mishahara ya zamani…

Dada wa Ng'ambo
Wakati tunamsubiri mzee, mimi niko Marekani. Huku yalitokea 2020 wakati wa korona. Serikali ilikuwa inalipa waliopoteza kazi, wezi wakatumia majina ya watu ambao wala hawakupoteza kazi. Mimi nilijua nilipoletewa barua ya fomu 1099-G inayosema nimelipwa maelfu ya dola za kukosa ajira na natakiwa kuzitangaza kwenye kodi. Nilikuwa kazini wodini zamu za usiku! Nikaripoti kwenye idara ya kazi ya jimbo, nikadai fomu iliyosahihishwa, kisha nikafungia taarifa zangu za mikopo kwenye kampuni zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, ili mwizi asikope kwa jina langu. Wakaguzi wa serikali yao, GAO, walikadiria mwaka 2023 kuwa wizi wa fao lile kipindi kile ulikuwa kati ya dola bilioni 100 na 135. Kwa hiyo msidhani ni Bongo tu.

Fundi Mbao
Asante dada, ila sisi huku tunafungia nini? Mimi cha kufungia nina geti tu.

Konda Mstaafu
Fundi, heshima. Kilichonifurahisha ni kwamba huko mtu akiripoti anapewa karatasi iliyosahihishwa. Dogo wangu hapa kapewa kazi ya upelelezi.

Njugu Mawe
Nimefika. Yangu fupi. Zile asilimia kumi za mapato ya halmashauri, mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kabla hazijasimamishwa 2023 kwa ajili ya vikundi hewa, mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha vijana wafuga kuku Temeke. Nimejua nilipofuatwa nirejeshe. Sijawahi kufuga hata njiwa. Sahihi ya katibu ni nzuri kuliko yangu.

Zilipofunguliwa tena 2024 sisi vijana kweli wa mtaani tukaunda kikundi chetu, jina langu likakataliwa: "wewe una deni". Wenzangu wakaendelea bila mimi. Mpaka leo wanauza chips, nami napewa za bure kwa kuhurumiwa.

Mama Sharifa
Hiyo ni kopi ya kitambulisho. Mnaacha kopi kila steshenari. Mimi kopi yangu naichora mistari miwili katikati, naandika "KWA AJILI YA KUSAJILI LAINI TU" na tarehe.

Karani Mstaafu
Mama, ofisi nyingi kopi iliyochorwachorwa wanaikataa, nimekaa masijala najua. Bora usiache kopi kabisa.

Mama Sharifa
Wakatae, mimi nitaandika nyingine nyumbani. Kuliko niwe katibu wa kuku.

Mtu wa Majohe
Nimerudi. Mjane simjui, na Fundi Mbao mwanangu wewe ndiye uliyenitia matatani, kwa sababu mke wangu amesoma komenti yako.

Nikaambiwa nilete uthibitisho kuwa nipo hai. Nikaenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika barua na wadhamini wawili: tunamfahamu, yuko hai, anakaa Majohe. Dirishani wakasema barua haina picha iliyogongwa muhuri. Nikarudi. Wakataka hati ya kiapo. Nikaapa kwamba sijafa. Mwisho wakanieleza ukweli wenyewe: wao walilipa kwa amri ya mahakama, hivyo mahakama kwanza itengue huo usimamizi.

Siku ya shauri karani akaita, "Mirathi ya marehemu fulani." Nikasimama mimi. Hakimu hakucheka. Aliuliza maswali machache, akaagiza mjane aitwe. Anwani yake ilikuwa kiwanja kitupu. Polisi wakafuata namba ya simu iliyopokea mawasiliano yote, wakakuta imesajiliwa kwa bibi mmoja wa Mkuranga asiyejua lolote. Bibi alikumbuka kwamba wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, wakala wa chini ya mwamvuli alimwambia kidole hakijashika, weka tena, weka tena. Laini moja yake, nyingine ya wajanja.

Usimamizi umetenguliwa. Sasa niko hai kisheria. Pesa bado, wanasema nimdai mjane.

Nyumbani nimeulizwa, "Hata kama humjui, yeye alikujuaje?" Swali zuri, jibu sina. Labda faili langu lilitazamwa na mtu aliyejua siko nchini.

Kisiki Kikavu
Naondoa kauli ya chai. Ila ya mke wako ina mantiki.

Fundi Mbao
Mzee samahani, mwambie mama nilikuwa natania. Ushauri wangu: isomwe albadiri. Mjane atajitokeza mwenyewe akiwa na tumbo limevimba.

Ustadhi wa Buguruni
Albadiri si kitu cha mizaha. Mwende polisi.

Karani Mstaafu
Niweke mambo sawa, maana mnachanganya. Moja, RB kwanza, yaani namba ya taarifa yako polisi, bila RB hakuna ofisi itakayokusikiliza. Mwambieni yule dogo aombe mfuko umpe jina la mwajiri anayepeleka michango, kisha amwandikie huyo mwajiri barua, nakala mfuko na nakala polisi. Mwajiri ana fomu ya kuajiri, ina picha na alama za vidole za huyo wa Mwanza. Hiyo ndiyo njia ya kuthibitisha "kutokuwepo".

Kisheria, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15: anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miaka saba.

Mzee wa Hoja
Hicho kifungu ni cha anayetumia mfumo wa kompyuta. Huyo wa kikao cha ukoo alitumia kalamu. Kalamu iko Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi na kujifanya mtu mwingine.

Karani Mstaafu
Kwa mara ya kwanza nakubaliana nawe. Kama ofisi ndiyo iliyovujisha taarifa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kazi Mei 2023, na ina tume yake inayopokea malalamiko. Binti Kigogo, hiyo nakusemea wewe pia: dai kumbukumbu isahihishwe, usidai pesa kwanza. Pesa itafuata kumbukumbu.

Binti Kigogo
Hilo la kusahihisha kabla ya kudai hakuna aliyewahi kuniambia. Jumatatu naandika. Na mama mdogo nampelekea nakala.

Konda Mstaafu
Dogo nimemsomea, anaandika jina la Karani kwenye daftari. Kwa wengine, pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyenu. Meseji za "ile hela tuma kwa namba hii" zipelekeni 15040.

Njugu Mawe
Nimepiga *106# sasa hivi. Kuna laini ya mtandao ambao sijawahi kuutumia maishani. Nikaifute wapi, na wanafungua saa ngapi kesho?

Kisiki Kikavu
Kesho Nanenane, bwana katibu. Nenda maonyesho ukaangalie kuku wako.