Kamati ya Harusi ya Zuhura (Ngamiani, Tanga)

*Jumapili*

Mama Zuhura: Assalaam aleikum kamati. Mpambaji kajibu. Laki tisa na nusu: drapu, maua ya plastiki na viti viwili vya kifalme. Taa bei yake mbali.

Shangazi Mwanahawa: Waaleikum salaam. Si mbaya. Wenziwe wataka milioni.

Mjomba Hamza: Laki tisa na nusu kwa vitu anavyovikunja saa sita usiku akaondoka navyo?

Ami Seif: Jamani nani kachukua ngazi yangu. Ilikuwa nyuma ya choo.

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Mama, mie nshasema, shughuli iwe hapa hapa uani. Mapambo tufanye wenyewe.

Shangazi Mwanahawa: Marahaba mwanangu. Wenyewe kina nani? Mie na magoti haya?

Zuhura: Wewe utakaa kitini utuamrishe tu shangazi 😂

Shangazi Mwanahawa: Hapo sawa. Ila watu watasema tumefulia.

Bi Saumu jirani: Wacha waseme. Wangu mie nilimpeleka ukumbini, deni la viti nimelimaliza mjukuu keshaota meno.

Mjomba Hamza: Sikilizeni. Zuhura anahamia Mikanjuni, vyumba viwili, ndani hamna hata stuli. Kitu kitakachobaki kwake baada ya harusi, hicho tukitengeneze, tukigharamie. Kinachokwenda jaani kesho yake kisitutoe hata mia. Benchi la kukalia maharusi ndilo litakuwa kochi lake. Mito ni ile ile. Taa ni zile zile.

Zuhura: Mjomba umenimaliza ❤️

Salim: Mapaleti, zile fremu za mbao za kubebea mizigo, mie naweza kupata. Kuna jamaa anauza huku kwetu, manne yanatosha benchi.

Mjomba Hamza: Kabla hujalipa angalia muhuri ubavuni mwa mbao. Miaka yote bandarini nimeyaona hayo. Ukikuta HT, mbao imepigwa joto kuua wadudu, chukua. Ukikuta MB imefukizwa dawa ya gesi, mwachie mwenyewe. Isiyo na muhuri na ina madoa ya mafuta pia iache, hujui ilibeba nini.

Salim: Sawa mjomba.

Mjomba Hamza: Na upige msasa hasa. Bi harusi na shela lake akikalia kibanzi tutazungumza lugha nyingine.

Mama Zuhura: Na juu mtie plaiwudi. Viatu vya siku hizi kisigino kama msumari, kitazama kwenye nafasi za mbao.

Ami Seif: Ngazi jamani.

*Jumatatu*

Tausi cherehani: Nimepima mito. Kanga moja ni mita moja na nusu kwa urefu, upana mita moja na kidogo. Mto wetu sentimita 40 kwa 40. Nakata kipande cha upana 42, urefu 105, ncha mbili zinapandana nyuma kama bahasha, zipu haihitajiki. Vipande viwili vinatoka kwa urefu, na kile kinachobaki pembeni nakigeuza kinatoa cha tatu. Kwa hiyo doti moja, yaani kanga mbili, mito sita.

Mama Zuhura: Mashaallah. Doti mbili zitatosha basi.

Tausi cherehani: Zifueni kwanza kabla hamjaniletea. Ina wanga kanga mpya, na ikinywea baada ya kushonwa mto unakuwa kama andazi lililobanwa.

Tausi cherehani: Shida ipo kwenye jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Mama mmechagua ile ya WAWILI WAPENDANAO ADUI HANA NAFASI. Jina ni refu kuliko mto. Nimejaribu moja, oneni.

Tausi cherehani: 📷 Picha

Salim: 😂😂😂😂

Bi Saumu jirani: Mbona mie nasoma WAPENDANAO ADUI?

Tausi cherehani: Ndiyo maneno yaliyobaki mbele. Mengine yamelala nyuma.

Shangazi Mwanahawa: Astaghfirullah. Huo mto ukiwekwa mbele ya wakwe hatuna harusi.

Zuhura: Fumua Tausi tafadhali 😭

Tausi cherehani: Nishafumua. Nitafanya hivi: mito yote nitumie mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, na pindo la ukingoni, jina nalikata zima zima kama utepe, nalishona mbele ya foronya ya godoro la benchi. Benchi lina mita na nusu, litakaa lote bila kukatwa.

Mama Zuhura: Hapo umecheza. Wageni wakiingia tu wanalisoma.

Shangazi Mwanahawa: Hasa yule jirani wa upande wa pili, alisome vizuri.

Mama Zuhura: Wifi, mambo ya watu yaache.

*Jumanne*

Salim: Ukuta wa uani nyuma ya benchi unatisha. Ninunue rangi ya mafuta galoni moja niupige leo leo?

Mama Zuhura: Salim mwanangu. Ramadhani iliyopita uliupiga rangi ya mafuta ukuta huo huo. Idi ya pili ukavimba mapovu, ya tatu ukaanza kubanduka, vigamba vikaanguka kwenye sinia la tambi za wageni. Sijasahau.

Salim: Fundi wa dukani ndiye aliniambia.

Bi Saumu jirani: Ule ukuta unanyonya maji kutoka chini, na chumvi ya huku pwani unaijua. Rangi ya mafuta inaziba, unyevu unatafuta pa kutokea, inabidi uisukume rangi. Ukuta kama ule dawa yake chokaa. Haizibi, inapumua. Marehemu mume wangu nyumba nzima alipiga chokaa, na mawe ya chokaa Tanga hii ndiyo tuliyokalia, hayo mapango ya Amboni yenyewe ni nini?

Salim: Si itakuwa inatushika nguoni, Bi Saumu?

Bi Saumu jirani: Inashika kwa mtu aliyeipaka nzito kama uji. Wewe kwanza kwangua ile rangi yako yote mpaka uone plasta, chokaa haishiki juu ya mafuta. Nunua chokaa ya unga, iloweke kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi ichuje kwa kipande cha kanga kuukuu, iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta kwa maji ndipo upake, ukuta mkavu unaifyonza ghafla inakuwa vumbi. Mkono wa kwanza utaona kama umepaka maji tu, usije ukaongeza unga kwa kihoro. Weupe unakuja ikikauka. Iache mpaka kesho, mkono wa pili. Kesho kutwa wa tatu. Yaani mpaka Ijumaa umemaliza.

Bi Saumu jirani: Na uvae miwani, ya jua pia sawa. Chokaa ikiingia jichoni ni moto. Mikono vaa glavu au ifunge mifuko ya nailoni.

Salim: Shukran Bi Saumu. Naanza kukwangua sasa hivi.

Ami Seif: Utakwangua juu kule umepandia nini? Ngazi haipo.

Salim: Meza ami.

*Jumatano*

Zuhura: Jamani taa. Nimekusanya chupa za jamu na za asali 22. Nazizungushia kamba ya mkonge, ndani naweka mchanga na mshumaa, nazitundika kwenye kile kibanda cha makuti. Nimeshafanya moja.

Zuhura: 📷 Picha

Tausi cherehani: Nzuriii. Umetumia gundi gani?

Zuhura: Ya mbao, ile nyeupe. Napaka kidogo kidogo kuanzia chini huku nazungusha. Mwanzo nilitumia ile ya kukauka upesi, ikanishika vidole na kamba ikawa na mabaka meusi.

Mjomba Hamza: Safi sana, kamba ya kwetu. Mnajua mkonge uliingia 1893? Mjerumani Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, iliyofika hai Pangani ni 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote haya.

Salim: Mjomba nani kakuuliza 😂

Mjomba Hamza: Nimejibu kabla hujauliza, maana wewe ungenunua kamba ya plastiki. Sasa Zuhura, mkonge wako nimeusifu, mshumaa siutaki. Makuti makavu, kamba kavu, shela la nailoni, na upepo huu. Cheche moja tu, mtaa mzima unakuja na ndoo.

Zuhura: Mjomba na mchanga nimeweka 🥺

Mjomba Hamza: Mchanga unazima kilichoanguka chini. Moto wa makuti unakwenda juu.

Mama Zuhura: Namuunga mkono kaka.

Zuhura: Haya basi, nitaweka zile taa ndogo za waya za betri ndani ya chupa. Chumbani kwangu zitafaa pia.

Mjomba Hamza: Sasa hapo. Na taa kubwa za umeme, Salim, ekstensheni uikunjue yote. Watu huiacha imeviringishwa kwenye gurudumu lake, ikivuta umeme mwingi inachemka mpaka inayeyuka. Viungio vikae juu ya kitu, visilale ardhini penye maji ya kunawa.

Salim: Nitatundikia nini juu bila ngazi?

Ami Seif: Ndiyo nasema siku nne sasa.

*Alhamisi*

Mama Zuhura: Wali, nyama na viungo tumemaliza, hesabu nimempa Mjomba. Sufuria kubwa tunaazima msikitini, majamvi kila mtu alete lake aandike jina. Kadi tunatuma kwa simu. Limebaki la vikuba, vile vishada vya maua ya kuvaa kifuani.

Bi Saumu jirani: Vikuba mie. Wanawake sitini, vikuba sitini na vitano, maana wako wa kuomba viwili. Asumini nyumbani kwangu ipo, mrehani upo. Nani ana waridi?

Tausi cherehani: Mie, ya waridi iliyokoza.

Bi Saumu jirani: Sasa nisikilizeni, msinichumie asubuhi. Asumini huchumwa alasiri ingali imefumba. Inafumbuka usiku ikiwa kifuani mwa mtu, harufu inatoka hapo. Ukichuma iliyokwishafumbuka, ikifika Isha imegeuka kahawia. Tukimaliza kutunga tunafunga kwa jani la mgomba lililonyunyizwa maji, tunaweka kivulini. Friji inaiunguza.

Zuhura: Na langilangi? Bibi alikuwa hafungi kikuba bila langilangi.

Bi Saumu jirani: Mlangilangi wa kweli umebaki mmoja mtaa wetu, kule kwa kina Mwanahawa, na umekuwa mrefu kama mnara. Nani atapanda?

Zuhura: Basi tuache.

*Ijumaa*

Salim: Mkono wa tatu tayari. 📷 Picha

Mama Zuhura: Mashaallah, mweupe kama yai. Hata benchi limependeza mbele yake.

Bi Saumu jirani: Si nilikwambia. Usiuguse mpaka kesho.

Shangazi Mwanahawa: 📷 Picha

Shangazi Mwanahawa: Langilangi hizo, ungo mzima. Nimefanya jaribio leo, kesho alasiri nachuma mbichi za vikuba. Mlidhani nitakaa kitini tu?

Zuhura: Shangaziiii 😍 na magoti je?

Shangazi Mwanahawa: Alipanda mtoto wa jirani. Mie nilishika chini.

Ami Seif: Mwanahawa. Hicho kilichoegemea mti nyuma ya ungo ni nini?

Shangazi Mwanahawa: Nilimwambia mkeo tangu Jumamosi iliyopita.

Ami Seif: Hajaniambia.

Shangazi Mwanahawa: Hilo la ndani kwako, mie silijui.

Ami Seif: Haya. Mkimaliza langilangi kesho msiilete kwangu. Salim aipitie moja kwa moja atundikie taa.