Mjadala: Barua ya chifu kwenye kesi za mirathi, ibaki au iondolewe?

Mwanzishaji mada, Kakamega: Ukienda masjala kufungua kesi ya mirathi, karani ataomba cheti cha kifo, kisha barua ya chifu yenye majina ya wajane na watoto wa marehemu. Fungua Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, uitafute barua hiyo, hutaiona. Ni mazoea ya mahakama tu. Fomu P&A 5 ni kiapo, na tayari inamtaka mwombaji ataje warithi wote na mali yote. Chifu haapi. Anaandika alichoambiwa na waliofika ofisini mwake. Iondolewe.

Bungoma: Kiapo hakijawahi kumzuia mwenye tamaa ya shamba. Hakimu aliye mjini atajuaje kwamba mzee alikuwa na nyumba mbili, yaani wake wawili na watoto wao? Chifu ana wazee wa vijiji, na wao ndio waliokuwa matangani.

Kisumu: Ndugu wa Bungoma, wanaoachwa nje ni wale wale kila mara: binti aliyeolewa na mke wa pili aliyekaa mjini. Kifungu cha 38 kinagawia watoto sawa, hakiulizi nani ameolewa. Penye wake wengi, kifungu cha 40 kinahesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mke aliye hai kama fungu moja. Nyumba ya kwanza mke na watoto wanne, mafungu 5. Ya pili mke na watoto wawili, mafungu 3. Shamba la ekari 8 linakatwa 5 kwa 3. Barua ikiisahau nyumba ya pili, ekari zote 8 zinakwenda upande mmoja, tena kwa muhuri wa serikali.

Nakuru: Mkibishana, siku zinahesabika. Tangazo la ombi la mirathi likitoka katika Gazeti Rasmi, pingamizi ni ndani ya siku 30. Ukichelewa, bado kuna nafasi: hati ya kusimamia mirathi huthibitishwa kwa kawaida baada ya miezi 6, na kabla ya hapo unaweza kuwasilisha kiapo cha kupinga mgawanyo, fomu P&A 10. Shamba haliruhusiwi kuuzwa kabla ya uthibitisho. Baada yake unabaki na kifungu cha 76, kuomba hati ifutwe kwa sababu ya uongo au kuficha jambo muhimu. Njia hiyo ni ndefu, na shamba likiwa limeshauzwa, mnunuzi atajikinga na kifungu cha 93. Nani kule kijijini husoma Gazeti Rasmi, lakini? Hapo ndipo watu huumia, kuliko kwenye hiyo barua.

Mwanzishaji mada: Na chifu akikataa kuandika, kwa kuwa yuko upande wa shemeji? Faili inalala.

Nakuru: Hailali lazima. Mwombaji anaweza kuiomba mahakama imwagize chifu aandike au afike aeleze. Ni gharama nyingine, hilo nakubali.

Bungoma: Basi barua ibaki, ila ikikosekana faili ipokewe. Na chifu aambatanishe kumbukumbu za kikao: nani aliitwa, nani hakuja, nani alikataa kutia sahihi.

Kisumu: Na mabinti waitwe kwa simu zao wenyewe, si kupitia kwa kaka zao.