Redio ya kubeba milimani: gumzo la familia

Mimi: Shikamooni wakubwa zangu. Wengine mambo vipi? Naomba ushauri wenu. Mwezi ujao naenda na wenzangu kutembea milimani, tutalala kwenye mahema siku kadhaa. Nimepewa kazi ya kununua redio ya kundi. Nikitafuta mtandaoni naziona nyingi mno na kila moja inajisifu. Nichukue ya aina gani?

Babu: Marahaba mjukuu wangu.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza mapema.

Kaka: Redio ya nini tena? Simu unayo, pawabenki unayo.

Mimi: Huko mtandao haushiki, kaka. Kiongozi wa msafara ametuambia tukishaingia bondeni tusitegemee simu kwa lolote zaidi ya picha na ramani.

Kaka: Simu nyingine zina FM ndani, haihitaji mtandao.

Mjomba: Baadhi zinayo, ila nyingi za siku hizi hazina. Na zilizo nayo zinataka hedifoni za waya zichomekwe, kwa sababu ule waya ndio antena yake. Simu isiyo na tundu la hedifoni haitakusaidia hapo. Lakini hata ingekuwa nayo, mimi nisingekubali. Simu ndiyo ya kuitia msaada mkifika mahali penye mtandao. Chaji yake itunzwe kwa hilo, isimalizwe na taarifa ya habari.

Kaka: Hapo nakubali mjomba.

Mjomba: Sasa mpwa wangu, tusianze na majina ya redio. Nijibu maswali mawili. Mnataka kusikia nini huko? Na betri zikiisha, mtapata wapi nyingine?

Mimi: Kwanza utabiri wa hali ya hewa, asubuhi na jioni. Habari kidogo. Na mechi ya Jumamosi, hiyo wenzangu wamesisitiza. Betri tutakazobeba ndizo hizo hizo, hakuna duka njiani. Mmoja wetu ana paneli ndogo ya sola ya kuchajia simu.

Mjomba: Basi sharti la kwanza: redio itumie betri za AA za kawaida, zile ndogo nyembamba. Nyingi unazoziona mtandaoni zina betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani, inachajiwa kwa waya. Ukiwa nyumbani hiyo haina shida. Kule ikiisha wakati wa mawingu ya siku mbili mfululizo, sola haikusaidii na huwezi kuifungua ukaweka nyingine. Ya AA unafungua kifuniko, unatoa mbili, unatia mbili, umemaliza. Na zinaingia pia kwenye tochi nyingi, kwa hiyo mnabeba aina moja tu ya betri.

Babu: Sisi tulikuwa tunabeba zile kubwa. Mawe manne ndani ya redio na mengine manne kwenye mfuko.

Mjomba: Zile zinadumu sana Baba, lakini jiwe moja kubwa lina uzito wa gramu 140 hivi. AA ya alkalaini, ile ya kawaida isiyochajiwa, ni kama gramu 23. Mgongo wa mtu anayepanda mlima unaijua tofauti hiyo.

Binamu: Dada, nimeiona hii 👇
[Picha]
Ina sola juu, mkono wa kuzungusha, tochi, king'ora, na inachaji simu. Kila kitu humo humo.

Mimi: Hiyo hata mimi ilinivutia!

Mjomba: Nimeiangalia. Tazameni ukubwa wa hiyo sola, haizidi upana wa vidole viwili. Jua kali la mchana kutwa halitaijaza betri yake. Na mkono wa kuzungusha ni kazi: unazungusha dakika nzima unapata dakika chache za kusikiliza, tena kwa sauti ya chini. Kuchaji simu kwa mkono huo ni kuchoka bure.

Redio ya kuzungusha ina asili ya heshima kubwa. Mwingereza Trevor Baylis aliibuni mwaka 1991 baada ya kusikia jinsi habari za UKIMWI zilivyokuwa haziwafikii watu wa Afrika wasio na umeme wala uwezo wa kununua betri kila mara. Yake ilikuwa na springi: unaikaza, inajifungua polepole huku ikiendesha jenereta ndogo. Haikuhitaji betri kabisa. Nyingi za leo hazina springi. Mkono unachaji kibetri kilichomo ndani, na kibetri kikishazeeka unaweza kuzungusha mpaka usiku bila faida. Ukiweza kupata yenye mkono NA nafasi ya AA, hiyo ni nzuri kukaa nayo nyumbani kwa siku umeme ukikatika. Kwa mgongoni, hapana.

Binamu: Nimeelewa. Nilidhani vitu vingi ndio ubora.

Mimi: Mjomba, AA mbili zitatosha siku ngapi?

Mjomba: Tupige hesabu. Redio ndogo ikisikilizwa kwa sauti ya kiasi hula umeme wa kama miliampea 50. AA nzuri ina kama miliampea-saa 2000, yaani inaweza kutoa miliampea moja kwa saa 2000. Gawa 2000 kwa 50, unapata saa 40. Mkisikiliza saa mbili kwa siku, hizo mbili za mwanzo zinavuka safari yenu yote. Mkifungulia spika kwa nguvu siku ya mechi, au taa ya kioo ikibaki inawaka, hesabu inashuka. Mkitumia hedifoni, inapanda. Kwa hiyo hakikisha ina tundu la hedifoni.

Shangazi: Na baridi? Kule juu usiku ni baridi kweli.

Mjomba: Swali zuri dada. Alkalaini hudhoofika kwenye baridi. Redio inaanza kukata asubuhi, mtu anadhani betri zimekufa anazitupa, kumbe zikipata joto zinarudi. Alale nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Au anunue AA za lithiamu, zile zisizochajiwa: ni nyepesi, gramu 15 hivi, na hufanya kazi hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ghali zaidi, lakini kwa safari ya juu namna hiyo ningezichukua.

Na msichanganye betri mpya na iliyotumika. Ile dhaifu inaisha kabisa wakati mwenzake bado inasukuma, ndipo inapovuja. Mkirudi nyumbani, toeni betri zote ndani ya redio. Nimefungua redio nyingi ambazo hazikuwa na ubovu wowote ila ule unga mweupe uliokula springi za betri.

Kaka: Za kuchaji je? Mimi ninazo kadhaa za AA, naweza kumwazima.

Mjomba: Zinafaa. Ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo redio nyingine itaonyesha alama ya betri kupungua mapema ingawa bado zina nguvu. Achukue kama akiba.

Babu: Mmezungumza betri tu. Hamjamwambia mtoto achukue yenye mawimbi gani.

Mimi: Babu, si FM inatosha? Stesheni zote nzuri ziko FM.

Babu: Hapana mjukuu wangu. FM ni ya mahali ambapo hakuna mlima kati yako na mnara. Wewe unaenda milimani.

Mjomba: Hapo Baba amegusa penyewe. FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108, na mawimbi yake huenda moja kwa moja, karibu kama macho yanavyoona. Kilimani juu utashika stesheni za mbali mpaka ushangae. Ukishuka bondeni, kimya. AM, yaani mawimbi ya kati, kuanzia kilohezi 530 mpaka 1700 hivi, yanatambaa na ardhi na kupita vizuizi vizuri zaidi. Na usiku yanaenda mbali sana.

Shangazi: Kwa nini usiku? Nimeona hivyo tangu utotoni sijui sababu.

Mjomba: Juu angani kuna tabaka zenye chembe za umeme zinazotokana na jua. Mchana tabaka la chini kabisa linayameza mawimbi ya kati. Jua likizama, tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanapanda mpaka la juu yake na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita mbali. Ndio maana saa tatu usiku unaishika stesheni ambayo saa sita mchana haipo kabisa.

Babu: Na mawimbi mafupi pia. Hayo ndiyo yalituletea dunia nzima.

Mjomba: Kweli Baba, ingawa vituo vingi vikubwa vimepunguza matangazo yake huko. Redio ikiwa nayo, ni faida. Ikiwa haina, nisingemzuia kununua. AM na FM ndizo za lazima.

Mimi: Sawa. Na ile antena ndefu ya kuvuta, ikivunjika?

Mjomba: Ile ni ya FM na mawimbi mafupi tu. Watu wengi wanaivuta na kuizungusha wakitafuta AM, wakati haina kazi yoyote pale. Antena ya AM imo ndani: fimbo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya mwembamba. Kwa hiyo ukiwa AM unageuza redio yenyewe. Iweke juu ya jiwe, fungua stesheni dhaifu, halafu izungushe taratibu pale pale. Kuna upande sauti itafifia karibu kupotea. Geuza robo mzunguko kutoka hapo, stesheni inakuja na nguvu yake yote. Redio ikiwa na fimbo ndefu ndani, inashika zaidi, ndiyo maana kijiredio cha ukubwa wa kiberiti huwa dhaifu kwa AM hata kikiwa cha ghali.

Mimi: Hii sijawahi kuisikia! Asante mjomba 🙏

Shangazi: Mimi nataka kuongeza jambo la usalama. Tulipofundishwa huduma ya kwanza ya wapanda milima, mwalimu alituambia AM ni mlinzi wa radi. Radi yoyote ikipiga, hata ile usiyoiona bado, redio ya AM inakwaruza: krrk. Weka mahali pasipo stesheni, chini kabisa ya masafa, usikilize. Mikwaruzo ikiwa michache, dhoruba iko mbali. Ikizidi kufuatana na kuwa mikali, inakuja. Msisubiri mvua, shukeni kileleni.

Na mkiona mwanga, hesabuni mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, tayari mko kwenye hatari. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kupanda tena. Nakuomba sana mwanangu, hili uwaambie na wenzako.

Mimi: Nitawaambia shangazi. Nitaliandika kabisa.

Binamu: Basi mimi nimepata nyingine, AM na FM, AA mbili, ndogo. Inauzwa na mtu aliyetoka nayo ng'ambo.
[Picha]

Mjomba: Subiri. Kwenye sanduku imeandikwa FM inaanzia 76 inaishia 90. Hiyo ilitengenezwa kwa soko la Japani. Itakosa stesheni zote zilizo juu ya 90. Angalieni pia hatua za AM kwenye redio za dijitali. Marekani yote, kaskazini na kusini, stesheni zimepangwa kila kilohezi 10. Sehemu nyingine za dunia ni kila 9. Redio iliyofungwa kwenye 10 itaruka juu ya stesheni zako nyingi, utasikia mlio pembeni yake tu. Nzuri zina swichi au mpangilio wa kuchagua 9 au 10.

Binamu: Duh. Na muuzaji hakusema.

Mimi: Nimebaki na mbili sasa. Zote AM na FM, AA mbili, zina tundu la hedifoni. Moja ni ya gurudumu la kutafuta stesheni, ya pili ya dijitali, ina hatua ya 9 na 10, na ina kufuli ya vitufe.

Babu: Ya gurudumu. Haina cha kuharibika.

Mjomba: Na haili betri sana kama ya dijitali, Baba, ni kweli. Lakini kwa kundi mimi nachagua ya pili, kwa sababu ya hiyo kufuli. Redio ikibanwa na sufuria ndani ya begi, kitufe kinabonyea, inawaka yenyewe siku nzima bila mtu kusikia. Jioni mnaikuta imekufa. Halafu mnahifadhi stesheni ya utabiri kwenye namba moja: yeyote mwenye zamu ya asubuhi anabonyeza moja tu, hata gizani, hata na glavu.

Babu: Haya, kwa sababu ya kufuli nakubali.

Shangazi: Na mvua?

Mimi: Haijaandikwa chochote kuhusu maji, shangazi.

Mjomba: Ingeandikwa IPX4 ingevumilia maji ya kurushiwa, IPX7 ingezama mita moja kwa nusu saa. Zenye alama hizo ni chache katika redio ndogo. Mfuko wa plastiki wenye zipu unatosha, na unaweza kusikiliza ikiwa humo humo.

Ukishaipata, usiifungashe moja kwa moja. Toka nje nayo jioni, mbali na nyumba, uijaribu kwa betri. Ndani ya nyumba taa za LED na chaja za simu hufanya AM ivume, utaionea bure ukadhani ni mbovu. Hata kule, isikae karibu na pawabenki inayochaji.

Mimi: Nimeagiza ya kufuli ✅ Masafa ya stesheni za huko nayapata wapi?

Mjomba: Muulize huyo kiongozi wa msafara. Stesheni moja huwa na masafa tofauti kila mnara, za huku mjini hazitakufaa. Andika kwenye karatasi, uibandike nyuma ya redio, pamoja na saa za utabiri.

Kaka: Nina hedifoni za waya ambazo situmii. Nitakuletea kesho pamoja na zile AA.