Hesabu za Kisiwa Kidogo: Gumzo la Majirani wa Kasarani

19:04 Mama Tumaini: Habari za jioni majirani. Tumaini wa Gredi 7 amepewa kazi: achague taifa dogo la kisiwani aeleze linavyojiandaa kwa Michezo ya Madola ya Glasgow, ile inayoanza tarehe 23 Julai 2026. Ameandika "wanafanya mazoezi kwa bidii" kisha kalamu ikakwama. Bi. Rehema, Kocha Otieno, naomba msaada tafadhali.

19:07 Bi. Rehema: Jioni njema Mama Tumaini. Achague Nauru. Kilomita za mraba 21, watu kama elfu 12. Taifa zima likiingia uwanja wa Nyayo, zaidi ya nusu ya viti vinabaki wazi. Na katika unyanyuaji uzani wa Madola ni jina linaloheshimiwa.

19:08 Mzee Karanja: Marcus Stephen! Auckland 1990, dhahabu. Halafu akawa rais wa nchi, 2007 hadi 2011. Barcelona 1992 pia alipeperusha bendera ya Nauru.

19:11 Bi. Rehema: Mzee Karanja, hapo pa Barcelona nakurekebisha kwa heshima. Mwaka wa 1992 Nauru haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, kwa hivyo alishindania Samoa. Kamati yao ilitambuliwa 1994, na Nauru yenyewe ikaingia Olimpiki kwanza Atlanta 1996. Tumaini aanzie hapo. Maandalizi ya kisiwa kidogo huanza na makaratasi, na yasipokuwepo, hata bingwa hana bendera ya kuvaa kifuani.

19:12 Mzee Karanja: Nimekubali. Asante binti yangu.

19:12 Mama Tumaini: Anauliza, kwa nini uzani na si mbio?

19:18 Bi. Rehema: Swali zuri sana. Kwanza ni nafasi. Jukwaa la mashindano ni mita 4 kwa 4, linatosha ndani ya chumba. Baa moja na seti ya sahani huwafaa wachezaji wengi kwa zamu. Uwanja wa mbio wa mita 400 unakula ardhi ambayo kisiwa cha kilomita za mraba 21 hakina ya kuchezea. Pili, kuna madaraja ya uzito wa mwili, kwa hivyo mtu wa kilo 60 anapambana na wa kilo 60, hata kama mwenzake ametoka nchi ya watu bilioni.
Tatu, na wengi hawalijui hili: zamani Madola ilitoa medali tatu kwa kila daraja, moja ya kunyakua (chuma kinatoka chini hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja), moja ya kupandisha mabegani kisha kusukuma juu, na moja ya jumla. Ndivyo Stephen alivyopata medali 12 kati ya 1990 na 2002: dhahabu 7, fedha 5. Siku hizi ni jumla peke yake, medali moja tu. Kuteleza kokote kunauma mara tatu ya zamani.

19:19 Mama Tumaini: Kuteleza vipi? Si mtu anabeba au anashindwa?

19:27 Bi. Rehema: La, dada. Wengi hushindwa kabla hawajaligusa lile chuma. Mwambie achukue kalamu.
Kila mchezaji ana majaribio 3 ya kunyakua na 3 ya kusukuma. Bora ya kila upande ndiyo hujumlishwa. Ukikosa yote matatu ya upande mmoja, huna jumla, yaani umesafiri nusu ya dunia urudi na sifuri. Na chuma hakirudi chini: uzito ukishapanda kwenye jukwaa haushuki. Ukianza na kilo nyingi mno ukashindwa, utarudia hizo hizo au uongeze.
Kwa hivyo jaribio la kwanza liwe lile unaloweza hata siku hujalala vizuri. Tuseme dada ambaye bora yake ya kunyakua ni kilo 100: aanze 92, aende 96, amalizie 100. Akianza 97 kwa sababu anataka kuwatisha wapinzani, anacheza kamari na tiketi ya nchi nzima.

19:29 Bi. Rehema: Sasa mtego wenyewe. Ukijisajili unaandika jumla unayotarajia. Siku ya mashindano, jaribio lako la kwanza la kunyakua na la kwanza la kusukuma yakijumlishwa hayaruhusiwi kuwa chini ya jumla hiyo kwa zaidi ya kilo 20. Umeandika 220, basi lazima uanze kwa 200 au zaidi. Viongozi wakiandika namba kubwa ili wapendeze kwenye orodha, mchezaji ndiye anayelipa, hasa akifika amechoka na safari.

19:30 Kocha Otieno: Hilo nimelishuhudia kwenye matokeo mara nyingi. Unaona majaribio matatu yaliyofeli mfululizo unashangaa, kumbe tatizo lilianza kwenye fomu.

19:34 Bi. Rehema: Na saa, Kocha. Jina likiitwa una dakika 1 kuanza kuinua. Dakika 2 kama unajifuata mwenyewe. Kengele ya onyo hulia zikibaki sekunde 30, na baada ya hapo hubadilishi tena kilo ulizoomba. Kila jaribio lina mabadiliko mawili tu. Timu kubwa ina mtu wa kusimama mezani kujaza kadi, mwingine anahesabu majaribio ubaoni, mwingine anapakia sahani chumba cha kupasha moto. Timu ya kocha mmoja, yeye ndiye hao wote. Akihesabu vibaya, mchezaji anapasha mapema mno na mwili unapoa, au anaitwa kabla hajamaliza. Kipimo kizuri ni mnyanyuo mmoja wa kupasha kwa kila majaribio 3 yanayopita jukwaani.

19:36 Baba Zawadi: Nauru iko saa 11 mbele ya Glasgow wakati wa Julai. Mchana wao ni usiku wa huko. Mwili huzoea kama saa moja kwa siku, kwa hivyo siku kama 11 ndizo za kufika mapema. Gharama ya hizo siku za kulala na kula ndiyo huwakata wengi.

19:37 Mama Tumaini: Ameandika kurasa mbili tayari 🙏🏾 Kocha, na wale wa visiwani wanaokimbia polepole kwenye Olimpiki, wanaingiaje?

19:45 Kocha Otieno: Wanaingia kwa haki kabisa, na nisingependa Tumaini aandike "polepole" bila kueleza. Paris 2024, muda wa kufuzu mita 100 ulikuwa 10.00 wanaume na 11.07 wanawake. Nchi isiyo na aliyefuzu huruhusiwa kuingiza bora wake kwa nafasi ya uwakilishi, katika mita 100, mita 800 au marathoni. Tuvalu, nchi ya watu kama elfu 11, ilipeleka wawili, mwanamume na mwanamke, wote mita 100.
Pale Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, ndege zikiwa hazipo watu hufanyia michezo kwenye njia ya kurukia ndege. Ndiyo ardhi ndefu iliyonyooka waliyo nayo. Sasa fikiria shida: vibao vya kuanzia havishiki kwenye lami, lazima mtu avikanyage kwa nyuma. Viatu vya misumari havifai. Mkimbiaji akifika kwenye tatani halisi (ule uwanja wa mbio wa mpira) na misumari kwa mara ya kwanza, misuli ya nyuma ya mguu hukaza siku mbili tatu. Dawa yake ni kuanza na mbio fupi 4 au 5 za mita 60 bila kubana, siku za mwanzo, na kibao cha mbele kiwe umbali wa nyayo mbili kutoka mstarini, cha nyuma nyayo tatu. Vipimo vya ajabu si vya wiki ya mashindano.

19:47 Kocha Otieno: Na kosa linaloumiza kuliko yote ni kuondoka mapema. Ukiondoka kabla ya sekunde 0.100 baada ya mlio, vifaa vinakuhesabu umekosea, na ukikosea mara moja umetoka. Aliyezoea kuanzishwa kwa makofi mazoezini huangalia jirani badala ya kusikiliza spika iliyo nyuma ya kibao chake. Kocha amfanyie "tayari" za kusubiri sekunde 1, kisha 3, kisha 2, bila mpangilio, mpaka sikio ndilo limtoe.

19:49 Baba Zawadi: Kwa nini wasichague 800 basi? Paris waliweka mbio za nafasi ya pili kuanzia mita 200 hadi 1500. Unakimbia mara mbili hata ukishindwa.

19:50 Kocha Otieno: Ni kweli, na kwa mtu wa 400 au 800 ningeshauri hivyo. Lakini 800 bila uwanja wa kupima mizunguko ni ngumu kufundisha. Mita 100 inatosha kwenye lami.

19:53 Baba Zawadi: Kwa uogeleaji ni hesabu hiyo hiyo. Wengi wa visiwani huchagua mita 50 mtindo huru. Bwawa la Olimpiki ni mita 50, kwa hivyo hakuna kugeuka, na kugeuka ndiko anakokosa mtu aliyefanya mazoezi baharini au bwawa fupi la hoteli. Bahari pia inakuinua kwa chumvi. Kwenye maji yasiyo na chumvi nyonga hushuka na mwendo unapungua.

19:56 Mzee Karanja: Lakini visiwa vinashinda pia! Paris, Julien Alfred wa Saint Lucia, mita 100 kwa sekunde 10.72. Thea LaFond wa Dominica, mita 15.02 kuruka hatua tatu. Na Anderson Peters wa Grenada alirusha mkuki 88.54, akachukua shaba. Yego wetu 87.72, nafasi ya 5. Sentimita 82 tu. Grenada nzima ni watu laki moja na kitu, Kasarani hii peke yake ilikuwa na zaidi ya laki saba kwenye sensa ya 2019.

19:59 Kocha Otieno: Tumaini aongeze kwamba Alfred aliondoka kwao akiwa na miaka 14 kwenda Jamaica, kisha chuo kikuu Texas. Kisiwa kilitoa kipaji, tatani ilikuwa ya watu wengine. Hiyo pia ni maandalizi, na ina uchungu wake.

20:01 Bi. Rehema: Hata Stephen alianza uzani alipokuwa shuleni Australia. Tofauti ni kwamba alichojifunza kiliweza kurudi nyumbani ndani ya chumba kimoja. Na asimsahau David Katoatau wa Kiribati: dhahabu, daraja la kilo 105, Glasgow hiyo hiyo mwaka wa 2014. Alikuwa akicheza ngoma jukwaani baada ya kunyanyua ili dunia itazame bahari inavyopanda kwao.

20:04 Mama Tumaini: Hilo la ngoma limemgusa. Sasa anataka kuchora baa ya yule dada anayeanza na kilo 92 kwenye manila. Sahani zipi?

20:08 Bi. Rehema: Baa ya wanawake ni kilo 15. Vibano viwili, kila kimoja 2.5, hizo 5. Jumla 20. Zimebaki 72, yaani 36 kila upande: nyekundu ya 25, kijani ya 10, kijani ndogo ya 1.

20:11 Mama Tumaini: Ameanza na ile ndogo karibu na mikono.

20:12 Bi. Rehema: Afute. Nzito ndani, nyepesi inafuata nje, na namba zisomeke na refa.