Nimejiamini na bado nimefeli: naombeni ushauri kabla ya mtihani wa Hesabu wa Novemba

Fundi wa Kihonda (mwanzisha uzi)

Wana jukwaa, nawasalimu nyote, na walionizidi umri shikamooni. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mama wa watoto wawili, na mweka hazina wa kikoba chetu chenye wanachama 26. Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 2013 nikiwa na F ya Hesabu, na kwa miaka mingi sikuona kama imenidhuru, maana nguo haimwombi fundi cheti. Sasa nataka kusoma uhasibu ngazi ya astashahada, na chuo ninachokitaka kinadai angalau D ya somo hilo.

Mwaka 2021 nilirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na safari ile niliingia kwa imani kubwa. Nilikuwa nimejiunga na kundi moja la WhatsApp la mafunzo ya kujitambua, ambako tuliambiwa kwamba mtu huwa kile anachojiambia. Niliandika kwa wino mwekundu, "Mimi ni hodari wa Hesabu", nikaibandika karatasi hiyo pembeni ya kioo, na kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko niliisoma kwa sauti mara saba, kwa miezi mitatu, bila kukosa hata siku moja. Matokeo yalipotoka nikakuta F ileile. Nilipowaeleza wenzangu, mkufunzi wa kundi alijibu kwamba bila shaka moyoni sikuwa nimeamini kikamilifu. Jibu hilo limenikaa kama mwiba, kwa sababu sijui mtu anajipimaje hata aseme sasa ameamini kikamilifu.

Niseme pia hofu yangu ilikotoka. Mwalimu wetu wa Hesabu alikuwa na desturi ya kurudisha karatasi za mitihani kwa kuita majina kuanzia aliyeongoza. Akifika kwenye alama za chini haiti tena; alizidondosha zilizobaki juu ya meza, nasi wenyewe tukaenda kuzichambua huku darasa likicheka. Hadi leo nikiona karatasi ya maswali ya Hesabu viganja vinalowa jasho, ilhali hisa, mikopo na riba za kikoba nazipiga kichwani na hesabu zetu hazijawahi kupishana.

Nimejisajili tena, na imebaki miezi mitano. Je, ni kweli kwamba kujiamini ndiko kunakomfikisha mtu? Na kama ni kweli, mimi nilikosea wapi?

Upepo wa Kusi

Dada yangu, pole, lakini usiiache imani yako. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo watu wengi walishasema mwili wa binadamu hauliwezi. Yeye aliamini kabla ya sisi sote. Endelea kujisemea maneno mema, na safari hii ongeza maombi.

Mkazi wa Bondeni

Ndugu Upepo wa Kusi, mfano wako ni mzuri ila umeusimulia kutoka mwishoni. Kipchoge huyohuyo alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, kisha mwaka 2012 akakosa nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Ndipo alipohamia marathoni, mwaka 2013. Mwaka 2017 alijaribu kushuka chini ya saa mbili kule Monza, Italia, akamaliza kwa 2:00:25. Kwa hiyo alipofika Vienna hakuwa akiamini jambo la kufikirika. Alikuwa akidaiwa sekunde 26 tu, na deni la namna hiyo linahesabika. Tena alisaidiwa na wakimbizaji 41 waliopokezana kumkinga upepo, na gari lililomulika mstari wa mwendo barabarani, ndiyo maana muda ule haukuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Jambo moja ambalo wanaomtaja kwenye semina hulisahau ni kwamba mwanariadha huyu huandika kila zoezi lake kwenye daftari, mwaka baada ya mwaka. Dada, wewe mwaka 2021 ulikuwa na karatasi ya kioo. Je, daftari lilikuwepo?

Chaki Nyeupe

Binti yangu, marahaba. Nimefundisha Hesabu sekondari kwa miaka 29 na sasa nimestaafu, kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha mwaka 1977 makala iliyouchambua mkanganyiko huu vizuri. Alieleza kwamba mtu huamini kuwa ataiweza kazi fulani kutokana na vyanzo vinne. Cha kwanza, ambacho ndicho chenye nguvu kuliko vyote, ni kuwa umekwisha kuifanya kazi hiyo, au sehemu yake, ukafaulu. Kingine ni kumwona mtu anayefanana nawe akiifanya, na kingine ni kuambiwa na watu kwamba utaweza. Cha nne ni mwili wenyewe, kwa maana ya jinsi unavyoyatafsiri mapigo ya moyo na hilo jasho la viganja. Maneno, hata ukijiambia mwenyewe, yamo katika kundi la kuambiwa, ambalo huvunjika upesi mtu anapokutana na swali asilolijua. Nasikitika kwamba mkufunzi wako alikulaumu wewe badala ya kuilaumu dawa aliyokupa.

Naomba unijibu mambo mawili. Mwaka 2021 ulifanya mitihani mingapi ya miaka iliyopita kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, kwa saa tatu na bila kutazama majibu? La pili litakushangaza: mteja akitaka sketi ya duara, ile inayofunguka kama mwavuli, na kiuno chake ni inchi 28, wewe unaikataje?

Fundi wa Kihonda

Mwalimu, asante sana. Mitihani niliyoifungua ni miwili, na yote niliiacha katikati kwa sababu nilihisi inanivunja moyo, nikaona heri nirudi kwenye maneno yangu ya kioo.

Kuhusu sketi, nakunja kitambaa mara nne ili nipate kona moja isiyo na mshono. Kiuno 28 nakigawa kwa sita, napata nne na nusu na ushei kidogo, kisha natoa kama robo inchi, kwa sababu nisipotoa kiuno hupwaya. Nashika mwanzo wa futi kamba pale konani, naizungusha na chaki kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nakata. Ndivyo alivyonifundisha bibi aliyenipa ufundi, na sijawahi kuharibu kitambaa.

Chaki Nyeupe

Sasa chukua kalamu. Kiuno cha sketi yako ni mzingo wa duara, na kile kipimo cha kutoka konani hadi kwenye mstari wa chaki ni nusu kipenyo. Mzingo ni mara mbili ya pai ukizidisha na nusu kipenyo. Tukichukua pai kuwa 22 kwa 7, mara mbili yake ni 44 kwa 7, yaani sita na ushei. Basi nusu kipenyo chako ni 28 mara 7, gawa kwa 44, ambayo ni 4.45. Wewe umegawa kwa 6 ukapata 4.67, ukatoa robo, ukabaki na 4.42. Tofauti yetu haifiki hata sehemu nne za mia za inchi, ambazo chaki yako ni nene kuzipita. Ile robo inchi unayoitoa ni fidia ya kuigawa kwa 6 badala ya 6.28, na bibi yako wa cherehani aliigundua kwa kuharibu vitambaa vyake kabla hujazaliwa.

Usinielewe kwamba tayari unajua Hesabu na mambo yamekwisha. Mtihani haukuulizi sketi, na ukiulizwa eneo la kipande cha duara kwa Kiingereza cha kitabuni utakwama. Ninachosema ni kwamba unapotafuta cha kukiamini, anzia hapo kwenye jambo ulilokwisha kulifanya mara mia, kwa sababu hilo hakuna atakayekuja kukuambia hukuliamini kikamilifu.

Mdadisi wa Ilala

Nawaheshimu wote waliotangulia, ila naona tunamzungushia dada huyu mzigo wote kichwani mwake. Kuna mambo ambayo hayahusiani na imani yake hata kidogo. Mtoto wa Kitanzania anayesoma shule ya msingi ya serikali hujifunza sehemu, mzingo na uwiano kwa Kiswahili kwa miaka yote ya msingi, kisha Kidato cha Kwanza anakuta vitu vilevile vimebadilishwa majina kwa Kiingereza, na anayeshindwa kusoma swali huhesabiwa kuwa ameshindwa kulikokotoa. Ongeza darasa la wanafunzi themanini na mwalimu anayedondosha karatasi mezani. Mtu aliyetoka hapo na F hakukosa fikra chanya.

Hata watafiti wanaotetea fikra hizi hawadai makubwa. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa. Walipewa somo fupi la mtandaoni, lisilofika saa moja, lililowafundisha kwamba uwezo wa akili hukua kwa kuutumia. Wale waliokuwa na alama za chini walipanda, ni kweli, ila kwa wastani wa pointi 0.10 kwenye kipimo cha alama cha Marekani kinachoishia takriban 4, na faida ilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenzao walikuwa wakithamini kujipa kazi ngumu. Naiona faida hiyo kuwa ya maana, kwa kuwa somo lenyewe halikugharimu sana. Lakini dada anahitaji mwalimu wa jioni na kamusi nzuri ya istilahi kabla hajahitaji kioo.

Upepo wa Kusi

Ndugu Mdadisi, sasa na wewe unataka kumwambia mtu mwenye miezi mitano asubiri sera ya lugha ibadilike? Nakubali kwamba nilimsimulia Kipchoge nusunusu. Hata hivyo, asiyejiamini kabisa hata huyo mwalimu wa jioni hatamtafuta, na kitu kilichomfanya dada ajisajili mara ya tatu mimi bado nakiita imani.

Mdadisi wa Ilala

Hapo sina la kubisha.

Nilirudia Tukuyu

Dada Fundi, mimi nilirudia Hesabu nikiwa na miaka 35 nikapata D, kwa hiyo nafikiri mimi ndiye yule mtu anayefanana nawe aliyetajwa na Mwalimu. Nitakuambia kilichonisaidia kwa vitendo.

Niliacha kulenga kuwa hodari. Daraja la D huanzia alama 30. Kwa muundo wa karatasi niliyoifanya mimi, kulikuwa na maswali 14: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10 kila moja. Maswali matano kamili ya sehemu A ni alama 30. Nilipoliona hilo, mlima ulipungua ukawa maswali matano, nikachagua mada nane tu za kuanzia ili nibaki na akiba. Wewe una bahati ambayo mimi sikuwa nayo, kwa sababu hesabu za biashara zimo kwenye mtaala, pamoja na leja na urari, na mweka hazina wa kikoba hawezi kukosa alama hapo akishazoea majina yake ya Kiingereza. Jiongezee takwimu, seti, uwiano na mfuatano wa namba.

Jambo la pili ni hofu. Kujituliza kwa maneno hakukunifaa, ila nilijiwekea kanuni kabla ya kuingia: nikikwama kwenye swali kwa dakika tano, nitalizungushia duara na kuhamia linalofuata. Baadaye nilisoma kwamba mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nitafanya lile", na kuona kwamba wenye kuiweka hutimiza malengo yao zaidi ya wenye nia tupu. Siku ya mtihani swali la pili lilinikwamisha. Zamani ningelia palepale, ila safari ile mkono ulizungusha duara wenyewe.

Fundi wa Kihonda (baada ya wiki tatu)

Shikamoo Mwalimu, na nawasalimu wengine wote. Nimekawia kwa sababu ya sare za shule, cherehani haikupumzika. Nimepata mwalimu wa jioni hapa Kihonda, tunasoma watu wanne Jumanne na Alhamisi. Karatasi ya kioo nimeibandua, na pale pale nimebandika orodha ya mada nane. Nikiimaliza moja naikata kwa chaki ya kitambaa. Hadi sasa zimekatika mbili, leja na seti.

Jumamosi nilifunga duka mapema nikafanya mtihani mmoja wa zamani kwa saa tatu kamili, mwanangu mkubwa akishika saa. Viganja vililowa mpaka karatasi ikashika kalamu vibaya, lakini sikuinuka. Nilizungushia duara maswali saba. Mwalimu wa jioni amesahihisha na nimepata 22 kwa 100. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu sikujua nifurahi au nihuzunike: ni F, lakini ni mara ya kwanza najua ni alama ngapi zinanipungukia, nazo ni nane.

Mwalimu, nimeweka picha ya swali la 4, lile la milinganyo. Nimelirudia mara tatu, kila mara napata jibu lisilomo kwenye kitabu.

Chaki Nyeupe

Marahaba, binti yangu. Tazama mstari wako wa tatu. Umeihamisha 5 kwenda upande wa pili wa alama ya sawasawa bila kuibadili kuwa hasi, na kutoka hapo kila ulichofanya ni sahihi. Lirudie kuanzia mstari huo tu, usianze upya, kisha uniletee na lile la mfuatano.