Mitihani ya vitendo ya netiweki: ulisahihishwaje, na uliwahi kuomba kusahihishiwa upya? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Kijana ninayefanya naye kazi amefeli mtihani wa vitendo wa netiweki, anataka kulipa asahihishiwe upya. Anaapa kila kitu kilikuwa kinapingi, yaani vifaa vilikuwa vinajibizana. Naanza na yangu, nanyi mtoe yenu, maana hela yenyewe si ndogo.

Mwaka 2016 nilikwenda Dubai kufanya CCIE, mtihani wa Cisco wa ngazi ya juu wa netiweki, ile ya Routing and Switching. Saa 8: kutafuta hitilafu, nusu saa ya utambuzi, kisha kuseti kwa saa 5 na nusu. Kila sehemu ilikuwa na kiwango chake cha chini, na jumla ilikuwa na chake. Matokeo yalitoka ndani ya siku mbili: nimefeli. Aliyefeli alipewa asilimia za kila sehemu, basi. Swali gani umekosa, huambiwi.

Mtihani ulikuwa dola 1,600. Kusahihishiwa upya kulikuwa dola 1,000, na ulitakiwa kuomba ndani ya siku 14. Nikalipa. Niliamini mtu wa pili angepitia kazi yangu na kuona nilichokusudia. Sivyo ilivyokuwa. Msahihishaji wa pili alichukua konfigi (mipangilio ya vifaa) zilezile nilizosevu, akazipakia kwenye vifaa vingine, mtihani ukasahihishwa wote tangu mwanzo. Ukifaulu unarudishiwa pesa yako. Sikufaulu. Miezi kadhaa baadaye nilijenga mtandao unaofanana na ule kwenye GNS3, programu ya kuigiza mitandao, nyumbani, ndipo nikaona: pakiti za data zilikuwa zinafika, lakini kwa njia ambayo swali liliikataza. Kosa lilikuwa ndani ya konfigi. Ungeipakia popote, jibu lingekuwa lilelile.

Msomaji wa Nairobi

Pole sana, ndugu. Yangu ni ya Linux lakini maumivu ni hayohayo. RHCSA, mtihani wa vitendo wa Red Hat, ina alama 300, unahitaji 210. Mashine huwashwa upya kabla ya kusahihishwa, na kila ulichoseti lazima kirudi chenyewe. Mimi niliweka anwani ya IP kwa amri ya `ip addr`, nikapingi, ikajibu, nikaendelea. Amri hiyo haiandiki mahali popote. Mashine ilipozimwa anwani ikapotea, na kila kazi iliyotegemea mtandao ikaenda nayo.

Niliandika malalamiko marefu, nikayafuta kabla sijatuma. Ningelalamikia nini? Mara ya pili nilitumia `nmcli`, amri inayohifadhi mipangilio ya mtandao, na baada ya kila kazi mbili tatu nikawa nawasha mashine upya mwenyewe. Mstari mmoja mbovu kwenye `/etc/fstab`, faili ya diski zinazofunguliwa mashine inapowaka, unaweza kuizuia mashine isiwake kabisa, na mashine isiyowaka haina cha kusahihishwa.

Mama Salma, Muscat

Assalaam alaykum. Nami nilifeli maabara ya CCIE mara ya kwanza, sikuomba kusahihishiwa. Maswali siyasemi, tulikubali masharti ya siri, lakini namna nilivyoamua naweza kueleza. Nilipotoka chumbani niliandika kila kazi niliyoimaliza bila kuijaribu. Zilikuwa tano. Asiyejaribu kazi zake tano hana haki ya kusema ana uhakika, nikaiweka pesa kwa ajili ya jaribio la pili.

Jambo jingine, kaka zangu: hakuna nusu alama. Swali la alama 3 likiwa na masharti manne, ukatimiza matatu, unapata sifuri. Kwa hiyo mara ya pili nilichora jedwali: namba ya swali, alama, nimeseti, nimethibitisha, nimesevu. Dakika 40 za mwisho sikuongeza kitu kipya hata kimoja. Nilisoma tena masharti neno kwa neno. Nikafaulu, alhamdulillah.

Mwalimu wa chuo, Arusha

Mimi niko upande wa wanaosahihisha, na ninayo ya kukiri. Wanafunzi wangu nawapima kwa Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao. Programu hulinganisha kazi ya mwanafunzi na mtandao wa majibu niliouandaa mimi, kipengele kwa kipengele. Binti mmoja alipata alama za kufeli, akaja ofisini, "Mwalimu, shikamoo, naomba ufungue mbele yangu." Tukafungua. Mtandao wake ulifanya kazi yote niliyoagiza. Kumbe nilitia tiki kwenye vipengele ambavyo swali halikuvitaja: maelezo ya kila kiolesura (mlango wa kifaa), majina ya VLAN (mitandao midogo ndani ya mtandao) yenye herufi kubwa. Nilirudia darasa zima kwa mkono, siku mbili. Saba walipanda.

Kwa hiyo simkatishi tamaa kijana. Kama kosa linaweza kuwa kwa msahihishaji, aombe, tena bila woga. Lakini ajue anaomba nini kiangaliwe.

Fundi wa Kigoma

Nyongeza fupi. Kifaa kikiganda katikati ya mtihani, nyoosha mkono palepale. Mimi nilinyamaza nikipambana nacho dakika 20, nikaja kulalamika baadaye. Kusahihisha upya hakurudishi muda. Msimamizi angeweza kunifidia, kama ningemwambia akiwa bado amesimama pale.

Mwanzisha mada

Asanteni sana, na Mwalimu umenigusa. Nimekaa na kijana leo. Kwanza nimemwambia asome masharti ya sasa ya mtihani wake, asitegemee bei zangu za 2016. Nilipomuuliza ni kazi zipi alizijaribu kwa kuzima kiungo kikuu, alinyamaza kidogo, akasema moja. Bado ana siku 9 za kuomba. Jumamosi tunajenga topolojia (mpangilio wa mtandao ule) upya ofisini kwa kadiri anavyokumbuka, mimi na yeye peke yetu, tuone BGP yake, itifaki ya kuchagua njia, inafanya nini kiungo kikikatika.