Harusi ya Asha Tanga na wese la Mjomba

JUMANNE, 3 OKTOBA 2023

[20:14] Mama Asha: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawakumbusha mchango wa Coaster ya Tanga, mwisho Ijumaa hii. Mpaka sasa waliotoa ni tisa tu. Bei ni ileile aliyotupa kaka Rajabu mwezi wa saba, laki saba na nusu kwenda na kurudi, mafuta humohumo.

[20:16] Mjomba Rajabu: Waalaykum salaam. Dada, hiyo bei iache kwanza. Tuongee kesho.

[20:16] Mama Asha: Kesho kuna nini?

[20:17] Mjomba Rajabu: Jumatano ya kwanza ya mwezi.

[20:17] Hamisi Bajaji: Siku EWURA wanapotangaza bei mpya ya mafuta 😂

[20:19] Mama Asha: Harusi ya mwanangu na EWURA wapi na wapi?

[20:33] Mjomba Rajabu: Niko barabarani natafuta wese. Sheli ya tatu hii. Ya kwanza kijana ananiambia dizeli imeisha, na lori la mafuta nyuma yake linashusha. Ya pili wamezima taa kabisa, mlinzi tu na kiti chake. Hapa wanatoa, ila mwisho elfu ishirini kila gari.

[20:35] Salma Kurasini: Shikamoo mjomba. Wanangoja saa sita na dakika moja usiku, bei mpya ianze. Mafuta yaliyomo kwenye matenki yao waliyanunua kwa bei ya mwezi uliopita. Wakiyabakiza mpaka asubuhi wamelala wamevuna.

[20:36] Mjomba Rajabu: Marahaba mama. Ndiyo hivyo. Na sisi tuna usiku mmoja tu wa kujaza, na huo usiku mafuta "yameisha".

[20:38] Hamisi Bajaji: Mnakumbuka mwezi wa nane? Nimelala na petroli 2,736, nimeamka 3,199. Kabla ya hapo wiki nzima sheli mtaani kwetu zinasema hamna.

[20:40] Mama Asha: Sasa Rajabu, usinitishe usiku huu. Nina presha.

[20:41] Mjomba Rajabu: Lala dada. Kesho nakuletea hesabu.

JUMATANO, 4 OKTOBA

[06:52] Mjomba Rajabu: 📷 Picha
Haya, tangazo hilo. Dar petroli 3,281. Dizeli 3,448.

[06:53] Hamisi Bajaji: Dizeli imeipita petroli!

[06:55] Mjomba Rajabu: Mwezi uliopita dizeli 3,259. Agosti 2,935. Julai, siku ile nimekaa sebuleni kwa dada nakunywa chai na kutaja bei ya harusi, ilikuwa 2,544.

[07:10] Mama Asha: Unataka kusema nini, sema.

[07:21] Mjomba Rajabu: Nasema hivi. Dar mpaka Tanga weka kilomita 350. Kurudi 350. Na mkifika kule hamtakaa kitako: saluni, ukumbini, kwa wakwe, nani kasahau kilemba. Mimi naweka lita 120. Julai lita 120 ni 305,280. Leo ni 413,760. Tofauti 108,480. Hapo sijaongeza hata shilingi ya soda yangu.

[07:24] Mama Asha: Kaka, wewe ni mjomba wa bibi harusi. Mjomba ana nafasi yake kwenye shughuli. Sikutegemea unipigie mahesabu kama mteja wa stendi.

[07:26] Mjomba Rajabu: Mjomba ni mimi. Gari si langu.

[07:27] Mjomba Rajabu: Tajiri mwenye gari anataka pesa yake ya hesabu Jumamosi na Jumapili, gari liwe Makumbusho au liwe Tanga. Nikimwambia ni harusi ya mpwa wangu atanipa hongera, halafu ataniuliza hesabu iko wapi.

[07:30] Hamisi Bajaji: Mama, mjomba hakosei.

[07:30] Mama Asha: Wewe nyamaza, ulichochangia ni elfu kumi.

[07:44] Mjomba Rajabu: Ngojeni niwaambie, maana watu mnapanda daladala mnadhani tunachota. Ruti yangu Makumbusho–Kariakoo, nauli 500. Hiyo waliipanga LATRA, wasimamizi wa usafiri, mwezi wa tano mwaka jana, mimi siwezi kuongeza hata hamsini, trafiki yupo. Gari linakunywa lita 40 kwa siku. Toka Julai kila lita imepanda 904. Zidisheni wenyewe.

[07:46] Salma Kurasini: 36,160 kwa siku.

[07:47] Mjomba Rajabu: Ehe. Hiyo 36,160 ndiyo ilikuwa ya kwangu na ya konda. Hesabu ya tajiri haikupungua. Abiria hawakuongezeka. Foleni ya Kawawa ndiyo kwanza. Jana nimemaliza saa nne usiku, nimempa konda elfu nane, na mimi nimebeba elfu saba na mkate.

[07:52] Mama Asha: Hilo hukuniambia.

[07:53] Mjomba Rajabu: Ungeniuliza.

[08:20] Zuhura Muscat: Assalaam alaykum nyote. Pole sana kaka. Hapa Oman serikali imefunga bei, petroli nzuri baisa 239 kwa lita na haijasogea toka mwisho wa 2021.

[08:21] Hamisi Bajaji: Baisa ndio shilingi ngapi mama mdogo?

[08:23] Zuhura Muscat: Rial moja ni kama 6,500 ya kwetu kwa sasa. Kwa hiyo lita haifiki hata 1,600.

[08:23] Hamisi Bajaji: Njoo na madumu harusini 😭

[08:25] Zuhura Muscat: Nitakuja na halwa. Mafuta ni yao, wanajipangia. Ukitaka kujua ughali wa hapa niulize kodi ya chumba.

[09:02] Salma Kurasini: Ajabu yenyewe mama mdogo ni kwamba na sisi tunanunua hukohuko kwenu. Mzigo unaoshuka hapa kwa wingi ni wa Ghuba na India. Na hata meli ikitokea India, bei inayotumika kupiga hesabu ni ya soko la Ghuba, kwa dola. Mnunuzi anaongeza gharama za meli na bima, ndipo bei ya Dar inapatikana. Mimi nikikaa pale kazini, ghala la mafuta, naona karatasi, kila mstari dola.

[09:04] Mama Asha: Na hizo dola hazipo.

[09:06] Salma Kurasini: Hazipo shangazi. Muagizaji anakwenda benki anaambiwa subiri. Dola imefika 2,500. Meli ikisubiri nje bila kulipwa inadai pesa kila siku, na hiyo nayo inaingia kwenye lita ya mjomba.

[09:07] Hamisi Bajaji: Lakini si tulisema zile meli tunaagiza kwa pamoja ili bei ishuke?

[09:10] Salma Kurasini: Tunaagiza kwa pamoja, toka 2011 au 2012 hivi, na inasaidia kweli. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuja na kimeli chake. Ila kuagiza pamoja kunapunguza nauli ya mzigo, hakumpangii Msaudi. Saudia toka Julai imepunguza kwa hiari mapipa milioni moja kwa siku. Urusi nayo imebana. Na hii ya wiki mbili zilizopita, Urusi kuzuia dizeli yake isitoke, bado hatujaionja, mafuta ya leo yalinunuliwa nyuma.

[09:11] Mjomba Rajabu: Salma mwanangu, usiniongezee.

[09:15] Hamisi Bajaji: Mimi nasema serikali itoe tozo basi. Mwaka jana si waliweka ruzuku, bilioni mia kwa mwezi?

[09:18] Salma Kurasini: Waliweka, kuanzia Juni. Na bado Agosti ile petroli ilifika 3,410.

[09:19] Hamisi Bajaji: Bila ruzuku ingefika ngapi? Ndiyo hoja yangu. Halafu tozo zenyewe zinapanda wakati bei inapanda. 2021 waliongeza mia moja kwa lita, ya barabara za TARURA, zile za vijijini na mitaani. Mwaka huu Julai mia nyingine. Na 2017 walipofuta ile ada ya mwaka ya gari, arobaini ikahamia kwenye lita.

[09:22] Mjomba Rajabu: Ile ya ada nilishangilia, nakiri. Mwenye gari bovu juu ya mawe alikuwa anadaiwa. Barabara nazo sikatai, mimi ndiye ninayeingia mashimoni. Ila wakiongeza mia, nauli yangu nani anaiongeza mia?

[10:40] Babu: HAMJAMBO WAJUKUU. NIMESOMA YOTE. MNALIA NA MAFUTA KAMA YAMEANZA JANA

[10:41] Salma Kurasini: Hatujambo babu, shikamoo 🙏

[10:41] Mama Asha: Baba shikamoo. Bonyeza kale kamshale, herufi zinapiga kelele.

[10:58] Babu: Marahaba. Haya. Mimi nimefanya kazi TIPER Kigamboni, kiwanda cha kusafisha mafuta, chetu na Waitaliano. Mkikaa vijiweni mnasema zamani tulisafisha wenyewe. Tulisafisha, ndiyo, mimi mwenyewe nimevaa ovaroli. Lakini mafuta ghafi yalikuja na meli kutoka hukohuko Uarabuni. Mwarabu alipofunga 1973 tulitetemeka. 1979 yakapanda tena, na sisi tumetoka vitani Uganda, hazina haina kitu.

[11:03] Babu: Jumapili ikifika saa nane mchana, gari la mtu binafsi halitembei mpaka Jumatatu alfajiri. Marufuku. Mnaona Dar hii ya foleni? Ungeweza kulala katikati ya barabara ya Morogoro. Siku moja tumetoka kumuona marehemu shangazi yenu Magomeni, tumechelewa kwa pilau, ikabidi gari tuliache kwa watu. Tumerudi Temeke kwa miguu. Mama Asha alikuwa mgongoni kwa mama yake, anadai maji njia nzima.

[11:05] Mama Asha: Baba jamani, hayo ya maji yalihusu nini.

[11:06] Hamisi Bajaji: Na sasa kiwanda kiko wapi babu?

[11:08] Babu: Kipo. Kinatunza mafuta yaliyosafishwa na wenzetu. Tumekuwa walinzi wa madebe ya watu.

[11:09] Salma Kurasini: Babu hilo umelipika 😅 ndiko mzigo wetu mwingine unakolala.

[11:20] Hamisi Bajaji: Ila mambo yatabadilika. Bomba la mafuta la Uganda si linakuja Tanga, Chongoleani? Tukienda harusini tukalione. Kilomita 1,443, na sehemu kubwa iko kwetu.

[11:24] Salma Kurasini: Linapita kwetu, kaka. Ni ghafi, na zito kiasi kwamba bomba lazima lipashwe moto lisigande. Likifika Chongoleani linapakiwa melini linaondoka. Tanga hakuna kiwanda cha kulisafisha. Nchi itapata ada na ajira, lakini Coaster ya mjomba haitakunywa humo.

[11:25] Babu: Nilisema. Walinzi wa madebe.

[11:31] Hamisi Bajaji: Basi gesi. Gesi ni yetu, ya Songo Songo, imegunduliwa 1974 kabla sijazaliwa, imefika Ubungo 2004. Mimi toka nimefunga mtungi kwenye bajaji najaza kilo moja 1,550. Kilo inanipeleka mbali kuliko lita ya petroli, na lita leo 3,281.

[11:32] Zuhura Muscat: Hiyo ni bei ya kwetu Oman kabisa!

[11:33] Hamisi Bajaji: Ndiyo maana silalamiki sana 😎

[11:34] Mjomba Rajabu: Hulalamiki? Jumamosi ulinipigia saa kumi na moja alfajiri uko kwenye foleni Ubungo unaomba nikutumie vocha usisinzie.

[11:36] Hamisi Bajaji: Mjomba hayo yalikuwa ya siri. Ni kweli, foleni ya masaa matatu, manne. Vituo ni vya kuhesabu kwa vidole. Na deni la mtungi bado nalipa. Lakini nikishajaza, siku hiyo pesa naiona.

[11:38] Mjomba Rajabu: Na ukitoka Dar kwenda Tanga unajaza wapi?

[11:38] Hamisi Bajaji: Hamna.

[11:39] Mjomba Rajabu: Asante.

[13:15] Mama Asha: Haya mabaraza ya mafuta yafungwe nipate kupanga. Nimekaa na kalamu. Coaster ina siti 26. Laki na nane na kitu ya Rajabu ukigawa kwa 26 ni kama 4,200 kila mtu. Naweka elfu tano, inayobaki itanunua maji, maana Baba ananisema nilidai maji.

[13:16] Salma Kurasini: 😂😂 Natuma sasa hivi shangazi.

[13:17] Zuhura Muscat: Mimi nalipia wawili, mimi na Babu.

[13:18] Babu: Siti ya dirishani. Upande wa kushoto, nione mkonge.

[13:20] *Shemeji Kassim ameondoka kwenye kikundi*

[13:21] Hamisi Bajaji: Huyo hakuwa amelipa hata ile ya kwanza.

[13:24] Mama Asha: Basi 25. Rajabu, tumeelewana? Na nisamehe ya asubuhi. Nilikuwa sijui habari ya elfu saba na mkate.

[13:31] Mjomba Rajabu: Yameisha dada. Mimi mwenyewe nilipaswa kusema mapema, nilikuwa naona aibu. Ujira wangu wa safari usiuweke, huo ndio mchango wa mjomba. Hesabu ya tajiri na wese tu.

[13:32] Mama Asha: Allah akuzidishie.

[13:40] Mjomba Rajabu: Bahati moja tunayo: harusi tarehe 28, tunarudi 29. Jumatano nyingine ni tarehe mosi Novemba. Mngepanga wiki moja mbele tungeanza hesabu upya.

[13:42] Hamisi Bajaji: Kwa hiyo unajaza lini?

[13:43] Mjomba Rajabu: Ijumaa tarehe 27 usiku, tenki lote. Anayejua sheli isiyozima taa aniambie pembeni, asiandike humu.